Jioni mume wangu alipokosea taa za tishali, Ziwa Tanganyika

Wakuu, walionizidi umri shikamooni, ingawa sidhani kama humu mmebaki wengi. Wajukuu, marahaba.

Haya ninayoandika niliyaona kwa macho yangu. Mwenye kisa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo sina sababu ya kumpamba wala kumchafua. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Juzi kuna member aliuliza kwa nini boti huwa na taa nyekundu upande mmoja na kijani upande wa pili. Mkamjibu ni urembo tu. Nikacheka, halafu nikaanza kuandika.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka michache kabla ya Uhuru.

Mimi ni mzaliwa wa Mtendeni, Tabora mjini. Mume wangu Kaspari alitoka Usinge. Tulipofunga ndoa alikuwa ameshapata kazi Kigoma, kwenye boti ya kuvuta tishali.

Kwa wasiojua, tishali ni chombo kipana cha mizigo, hakina injini. Kinafungwa kamba ndefu, boti inakivuta kutoka mbele.

Kaspari alikuwa mtu wa taa za tishali. Anazijaza mafuta, anafuta vioo, anaziwasha kabla giza halijaingia.

Nilimfuata kwa treni na sanduku moja na kuku wawili. (Mmoja alifia njiani, ila hiyo tuiache.)

Alikuwa mpole sana, na kazi yake aliipenda. Jioni akinieleza utadhani mwalimu.

"Nyekundu kushoto, Vero. Kushoto ndiko kwenye moyo, na moyo una damu. Kijani kulia."

Maana yake ni hii. Gizani huoni chombo, unaona taa. Ukiona nyekundu, unajua unatazama ubavu wake wa kushoto, kwa hiyo unajua kinaelekea wapi. Ndipo unaamua upite mbele au nyuma.

Kuna jambo moja nililiona nikalipuuza. Kaspari ukimtuma nyanya sokoni, analeta mbichi kabisa. Siku moja nikamcheka mbele ya majirani. Alitabasamu tu, akaingia ndani.

Hadi leo naona haya.

Basi, nahodha wao, Mzee Sudi, mtu wa Ujiji, akaniruhusu kusafiri nao safari moja ya kwenda bandari za kusini. Nikakaa na mume wangu kwenye tishali, juu ya magunia ya chumvi ya Uvinza.

Kaspari alivaa shati lake la kanisani. Kwenda kazini, jamani! Nikamtania, akasema ni joto tu.

Jua lilipoanza kuzama akawasha taa mbili mpya, zimetoka stoo asubuhi ile ile. Akazitundika kila moja mahali pake, akaja kuketi kando yangu.

Giza lilipoingia nikatazama kushoto. Mwanga uliomwagika juu ya maji ulikuwa wa kijani.

Nikadhani nimesahau somo.

"Kaspari, moyo uko upande gani?"

"Kushoto," akacheka.

"Mbona kushoto kuna kijani?"

Kicheko kikakatika. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Una hakika, Vero?"

Wakuu, ile taa ilikuwa hatua nne kutoka tulipokaa.

Hapo hapo tukaona boti ya abiria inakuja kutoka ubavu wetu wa kushoto. Imeona kijani, imedhani tunaelekea kule tulikotoka. Ikageuza ili ipite nyuma yetu. Kumbe inajileta mbele yetu, moja kwa moja kwenye ile kamba. Boti ndogo ikinasa kwenye kamba ya tishali, inapinduka na waliomo.

Mzee Sudi akapiga honi, akapiga tena na tena.

Kaspari akaruka akaing'oa taa ya kushoto. Mimi nikakimbilia ya kulia, nikaishika vibaya, ikaniunguza kiganja. Tukakutana katikati ya magunia.

"Lete hiyo! Chukua hii, ndiyo nyekundu!"

Nyekundu ilipokaa kushoto, ile boti ikakata kona kwa nguvu. Ilipita karibu mno, nikamwona kwa mwanga wa taa mama mmoja amempakata kichanga. Alinipungia mkono. Hakujua lolote.

Kaspari alikaa chini.

"Sijawahi kuona tofauti yake," akasema. "Kwangu zote ni rangi ya majani makavu. Zile za zamani, nyekundu niliifunga waya kwenye mpini. Hizi mpya nimebahatisha."

"Kwa nini hukuniuliza? Si nilikuwa hapa hapa?"

"Nilitaka unione nikiwa kazini."

Nilimshika mkono kwa kile kiganja kilichoungua, tukakaa hivyo mpaka tukafika.

Asubuhi bandarini Mzee Sudi akaja juu, anamlaumu mtunza stoo wa Kigoma kwamba ametoa taa mbovu. Kaspari angeweza kunyamaza, na yangeishia hapo.

Akanitazama. Akasimama.

"Shikamoo Mzee. Taa ni nzima. Macho yangu ndiyo hayatofautishi rangi."

"Tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa."

"Na ukakubali kazi ya taa?"

"Niliogopa kurudi kwetu mikono mitupu."

Mzee Sudi akashusha sauti.

"Mikono mitupu mtu anarudi, mwanangu. Wale wa jana wasingerudi."

Akamwachisha kazi palepale. Lakini tulipofika Kigoma alitusindikiza mwenyewe mpaka stesheni, akanipa chupa ya mawese ya kupaka kiganja.

Kwenye treni Kaspari alilia, kisha akalala begani kwangu.

Tukarudi Usinge. Akatundika mizinga porini, akawa mfuga nyuki, na asali yake ilisifika. Tuliishi miaka hamsini na ushee.

Uzeeni nilimpeleka hospitali ya Kitete, Tabora, macho yameingia ukungu. Daktari, kijana mpole, akamfungulia kitabu cha vidoa vya rangi.

"Babu, unaona namba gani hapa?"

Kaspari akakisogeza kitabu kwangu.

"Muulize bibi yako. Rangi zangu zote anazo yeye."

Miezi minne baadaye nikamzika.

Nilichojifunza: zile taa si urembo, ni neno la kweli unalompa mtu usiyemjua. Na kama kuna kitu huwezi, kiseme mapema, angalau kwa mtu mmoja. Anayekupenda hatakupenda pungufu.

Nanyi je, kuna aliyewahi kuficha udhaifu kazini, au kuishi na anayeuficha? Andikeni, nitasoma zote, hata kama ni polepole.