Mchezaji wa Akiba

Kaka yangu ni mtu wa gofu, na gofu imemla. Nasema bila kumung'unya maneno kwa sababu mimi ndiye ninayempigia pasi suruali zake. Siku za kazi anawafundisha mabwana wenye vitambi kushika fimbo. Jioni anarudi kwenye chumba chenye kitanda kimoja na sufuria moja. Mkewe alichoka kumsubiri, akaondoka bila ugomvi. Simlaumu wifi.

Kinachomtafuna ni mchujo. Kila mwaka wachezaji wanakusanyika, wanacheza siku kadhaa, na wale wachache waliotumia mikwaju michache zaidi wanasonga hatua ya pili. Huko wanachujwa tena. Anayepenya hadi mwisho anapewa kibali cha kushindana mwaka mzima na wachezaji wa kulipwa. Kaka amejaribu mpaka ameanza kuota mvi, na kibali chenyewe hajakitia machoni.

Mwaka huu aliikosa hatua ya pili kwa mkwaju mmoja. Wakamfanya mchezaji wa akiba, wa kwanza kwenye foleni. Mnaijua kazi ya akiba? Siku ya kufungua mashindano unavaa, unafunga viatu, unasimama pale pa kuanzia tangu asubuhi, ukiomba moyoni mwenzako aumwe tumbo. Asiyefika kwa wakati wake hana chake, na wewe ndiye unayeingia. Wenzako wanalijua hilo, kwa hiyo hakuna anayekaa nawe meza moja wakati wa chai.

Asubuhi hiyo kaka alikuwa anatoka gesti aliposikia mkoromo kwenye chumba cha jirani. Mwenye chumba alikuwa mchezaji wa kundi la kwanza, na muda ulikuwa unakaribia kumtupa mkono. Kaka akasimama koridoni, begi begani. Hapakuwa na mtu mwingine. Angeshuka ngazi tu, basi, nafasi ingekuwa yake.

Jioni akanipigia simu.

"Umecheza?" nikamuuliza, hata salamu sikuikumbuka.

"Sijacheza. Niligonga mlango."

"Mlango gani tena?"

Akanieleza alivyogonga mpaka mkoromo ukakatika, kisha akashuka mbiombio asionekane. Nilichemka.

"Kaka, wewe una akili timamu kweli? Miaka yote hii?"

"Ningecheza vipi, mdogo wangu? Kila nikiinua fimbo ningemsikia anakoroma."

"Angalau amekushukuru?"

"Hajui kama ni mimi. Amemshukuru dada wa mapokezi. Basi, wakafika wote. Nimesimama pale mpaka kundi la mwisho limeondoka."

"Na huyo bwana usingizi kachezaje?"

"Vizuri sana. Ndiye anayeongoza."

Hasira zikaniisha, ikabaki huruma, na huruma kwa kaka yako mkubwa ni kitu kizito kukibeba. Nikamuuliza kama amekula. Akasema bado. Nyuma ya sauti yake nilisikia watu wanacheka, kicheko cha watu wengi waliobanana chumba kimoja.

"Uko na nani hapo?"

"Peke yangu. Hao wako kwake, upande wa pili wa ukuta. Wanampongeza."

"Si uende basi, kaka. Gonga, ukae nao kidogo."

Kule ukutani mtu akaanza kuimba.

"Leo nimeshagonga," akasema. "Inatosha."