Rili Niliyoijaribu kwa Beberu

Mimi si mtu wa kuketi. Nikiketi sana magoti yanakasirika, na yakikasirika mimi pia nakasirika, halafu nyumba yote inajua. Binti yangu alipoolewa Kilifi, nikaanza kwenda kumwona kila Agosti na Desemba, na shida ilikuwa moja tu. Kule mgeni anawekewa kiti. Kiti cha plastiki, kivulini, na chai, na mahamri, na "pumzika, Mama." Siku ya pili nilikuwa tayari nawajua kuku wote wa jirani, na yule anayetagia nje.

Aliyeniokoa ni mama mzazi wa mkwe wangu. Ni mtu wa rika langu. Maji yakijaa huenda hori, ndivyo wanavyopaita mahali mto unapokutana na bahari, akiwa na mshipi ameuviringisha kwenye kipande cha mbao. "Haya mwenzangu," akaniambia, "inuka tukatafute kitoweo." Mimi mtu wa Murang'a, samaki niliyemjua ni yule aliyekaangwa, amelala sokoni anaangalia juu. Nilienda kwa sababu ya kukimbia kiti. Nikarudi na samaki wawili, aina ya changu, na tope hadi magotini, na tangu siku hiyo sijapona.

Agosti iliyopita mambo yakaharibika. Vidole viwili vya mkono wangu wa kulia, kile kidogo na mwenzake, havifungi tena. Daktari anasema ni viungo. Mimi nasema ni jembe. Samaki alivuta, mshipi ukapita katikati ya vidole kama wembe, damu ikatoka, na mwenzangu akaudaka akamtoa yule samaki yeye. Samaki wangu. Jioni binti yangu akanifunga kidonda, akaniambia bila kuniangalia usoni, "Mama, Desemba utakaa tu na sisi kivulini."

Nilirudi Kitengela na hayo maneno yakinichoma kama mwiba uliovunjikia ndani.

Nikazunguka. Naamka, naenda hadi geti, narudi. Nafagia mahali nimeshafagia. Kijana wangu, huyu ninayeishi kwake, akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia nataka rili.

"Rili ya nini?"

"Ile mashine ya kuzungusha mshipi. Ya kuvulia samaki."

Alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Mama, hapa hata maji ya kunywa tunaletewa na lori. Utavua nini, vumbi?"

Nilimwacha acheke. Yeye vidole vyake vinafunga.

Mwenzangu wa Kilifi alinitumia sauti kwa simu. Fimbo ilikuwepo, ya marehemu mume wake, lakini rili yake ililiwa na kutu zamani. "Usinunue kubwa ya kuvulia papa," akasema, "mkono utachoka kabla ya samaki. Chukua ndogo. Breki yake iwe laini. Samaki wa hori akienda mwache aende, akipumzika ndipo nawe uvute. Na uangalie chumvi, mwenzangu. Chumvi haina huruma."

Chumvi naijua. Nilipokuwa bado msichana wa kuolewa juzi niliuza chakula Oltepesi, kwenye barabara ya Magadi, na siku moja dereva wa lori alinipa gunia la chumvi ya Magadi nikalibeba kwa toroli mpya. Sikuiosha. Mvua ilipokwisha, toroli ilikuwa na tundu la kupitisha kichwa. Kwa hivyo hakuna mtu wa kuniambia habari ya chuma na chumvi.

Pesa niliyokuwa nayo ilikuwa ya majogoo niliyouza. Rili mpya ya dukani nilitajiwa bei yake nikaomba maji. Ikabaki ya mtumba.

Nikampigia rafiki yangu wa Kisaju. Yeye ni Mmaasai, mjane kama mimi, na zamani nilimpa kondoo, mbuzi wake walipoisha kwa kiangazi. Kwao ukimpa mtu kondoo mnaacha kuitana majina, mnaitana Paker. Yeye Paker, mimi Paker. Samaki hali, hata harufu hataki. Lakini hakuna mtu amewahi kumuuzia kitu kibovu, na siku hiyo alikuwa anakuja Kitengela kuuzia mtu wa bucha beberu.

"Unanitoa kwangu nikuchagulie kitu cha kushika nyoka wa maji," akasema.

"Si nyoka. Ni samaki."

"Iko na miguu?"

"Haina."

"Basi."

Tukaenda kwa mtu mmoja anayeuza vitu vya ng'ambo, pasi, blenda, saa za ukutani, zote juu ya turubai. Paker alifunga beberu wake kwenye nguzo ya kibanda. Rili zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa kubwa kama kichwa cha huyo beberu, nikaisukuma pembeni. Ya pili ilikuwa ya dhahabu, inang'aa. Ya tatu ya kijivu, imekwaruzika, na kishikio chake cha kuzungushia kilikuwa mviringo, kinono kama kiazi.

"Chukua hii ya dhahabu, mama," muuzaji akasema. "Iko na beringi kumi na mbili. Kumi na mbili!"

"Beringi ni meno?" Paker akauliza.

"Hapana, meno yako ndani."

"Tuonyeshe. Mbuzi hanunuliwi kwa manyoya."

"Mama, nikifungua, kurudisha ni kazi."

"Kama huwezi kurudisha," nikamwambia, "basi hujui unachouza."

Akatafuta bisibisi akiguna. Paker akainama, akachungulia ndani vile anavyochungulia mdomo wa mbuzi, kidole chake kikipita jino kwa jino. Ya dhahabu ilikuwa na meno meupe, yote. Ya kijivu yalikuwa yote pia, lakini ya manjano, na grisi nyeusi. "Hii ni mzee," akasema. "Chukua kijana." Mimi nilikwaruza skurubu kwa ukucha nikitafuta kutu. Sikuipata kwa zote mbili. Nikaanza kufungua leso ya pesa.

Halafu nikajaribu kuzungusha ile ya dhahabu. Kishikio chake kilikuwa chembamba kama penseli. Vidole vyangu vilikizunguka vikabaki wazi, kama mtu anayesalimia hewa. Nikakificha kile kiganja kwa leso haraka. Paker aliona. Akamwambia muuzaji, "Lete fimbo. Hii kitu itavutwa leo."

"Na nini?"

Akaonyesha beberu kwa kidevu.

Yule mwanaume alicheka, lakini watu wa boda boda walikuwa wameshaanza kusogea, na muuzaji hawezi kufukuza watu. Akafunga ya dhahabu kwenye fimbo. Paker akafunga mshipi kwenye pembe, akafungua kamba, akampiga beberu kofi la matako. Beberu akaondoka. Nilishika fimbo kwa mkono wa kushoto. Rili ikakataa kutoa mshipi, fimbo ikapinda, ikakataa, halafu tap! Mshipi ukakatika. Beberu akaingia kwenye sukuma wiki ya mama mmoja, na mama akapiga nduru.

"Shosho amekosa nyama!" mtu wa boda boda akanitania.

"Ulikaza breki sana," muuzaji akasema.

"Uliikaza wewe," nikamwambia. " Sasa kaza hiyo nyingine hivyo hivyo."

Kishikio cha ile ya kijivu kilikuwa upande wa kushoto. Nikamwambia akihamishe kulia, akakihamisha, na mimi sikujua kama kinahamishika, nilisema tu kama mtu anayejua. Paker akamrudisha beberu, akamfunga, akampiga tena.

Ile rili ililia. Krrrrr. Ikawa inatoa mshipi pole pole, haikatai, haiachilii, na beberu anaenda na mimi nimesimama. Roho yangu ilikuwa inanidunda kama siku ya kuzaa. Nilitaka kuvuta. Mwache aende, nikajiambia kwa sauti, na watu wakacheka. Alipofika kwenye maganda ya ndizi akasimama kula. Hapo nikaweka kiganja, si vidole, kiganja, juu ya kile kiazi, nikasukuma. Kikazunguka. Kikazunguka tena. Beberu aliinua kichwa, akaja hatua mbili huku amekasirika kama mtu aliyeitwa na jina la utani. Halafu akakimbia tena, na nikamwacha.

Sikumrudisha hadi kwangu. Lakini hakuondoka na mshipi wote.

"Huyu mzee ni mzuri," Paker akasema. "Meno yalinidanganya."

Nikalipa ya kijivu. "Na mshipi wangu uliokatika?" muuzaji akauliza.

"Umekatwa na beringi zako kumi na mbili," nikamwambia, tukaondoka.

Wiki zilizobaki kabla ya Desemba zilikuwa ndefu. Niliizungusha jikoni, kwa veranda, nikingoja chai ichemke. Kijana wangu alisema inalia kama panya. Nilifunga mshipi kwenye geti nikavuta geti.

Kilifi kiti kilikuwa kimeshawekwa. Nikatundika sweta yangu juu yake nikaenda hori. Siku mbili hatukupata kitu, na binti yangu alikuwa anakuja hadi mwanzo wa mikoko, anasimama, anarudi. Siku ya tatu alikuwa amesimama hapo wakati rili ilianza kulia. Ilikuwa kolekole, samaki wa vita. Akaenda, nikamwacha. Kiganja kikawa chekundu. Mwenzangu akanyoosha mkono kushika mshipi, nikampiga kofi la mkono.

"Wacha!"

"Haya, haya, nimewacha," akasema, akirudi nyuma. "Mtu wa bara una hasira wewe."

Nilimtoa. Hakuwa mkubwa. Binti yangu alimshika mkiani, akauliza tu, "Nimpike na nazi?"

Niliosha ile rili kwa maji matamu, yasiyo na chumvi, mara mbili, kila skurubu. Vidole vilikuwa vimevimba na sijui mwaka ujao vitasema nini. Nikampigia Paker.

"Ilivuta kama beberu wangu?"

"Kumshinda kidogo."

"Na ukaikula?"

"Yote."

"Weee," akasema. "Ukirudi usinisalimie na mkono huo kabla hujaosha."