Saa Sita Nilipobaki Nimeketi

Nathalie anauza samaki wakavu wa Malemba-Nkulu, mimi nauza sabuni. Meza zetu katika soko la Kamina zinagusana, na kwa miaka kumi na minne sabuni zangu zimenuka kambale. Namgombeza, anacheka. Ana mdomo, huyo! Lakini kama leo mimi ni mzima, ni kwa sababu ya mdomo ule, na sitachoka kusema aksanti.

Mimi ni Mwislamu, wazee wetu walitoka Maniema. Yeye ni Mkatoliki, Muluba wa hapa hapa. Adhuhuri ikifika namwachia meza, naenda kusali. Zamani, kila mwezi kulikuwa na siku tano ambazo sikuondoka, maana mwanamke akiwa katika hedhi hasali. Nathalie hakuuliza kitu. Alinikatia tu kipande kinono: "Kula, urudishe damu." Nilipofika miaka hamsini na mmoja hedhi ikakoma. Miaka mitatu nikaenda kusali kila siku bila kukosa.

Mwaka jana, Jumatatu moja, saa sita ikafika nikabaki nimeketi. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu Nathalie akaacha kupanga samaki.

"Mama Aisha, juu ya nini hauende kusali?"

Nikamsogelea, nacheka kama msichana. "Siku zangu zimerudi! Ujana, mwenzangu! Hata bwana yangu Zakaria nimemwambia bibi yake si mzee tena."

Sisemi uongo, nilifurahi. Damu ilikuwa kidogo, haiumi popote. Nilikuwa nimejipaka hata wanja.

Nathalie hakucheka. "Vidye wami!" akamwita Mungu kwa Kiluba, akakaa juu ya gunia. "Mbayo naye alisema vile vile."

Mbayo alikuwa dada yake mkubwa. Naye aliifurahia damu iliyorudi uzeeni, akaikalia kimya mwaka mzima. Walipomfikisha lopitali kwa munganga, ugonjwa ulikuwa umeenea. Wakamzika.

"Twende lopitali," Nathalie akasema.

Nikakasirika. Nimwonyeshe munganga nini, na umri huu? Nikamwambia achunge samaki wake, aniachie mwili wangu.

"Mficha uchi hazai."

"Aka! Mimi nimezaa sita, inatosha!"

"Basi ubakie hai, ubaone bajukuu." Akafunika meza zote mbili kwa turubai moja, akasimamisha pikipiki, akanisukuma nipande. Watu walikuwa wanatutazama.

Munganga Kabange, mama mmoja mtulivu, aliniuliza mambo ambayo hata mama yangu hakuniuliza. Kisha akanieleza.

"Damu ya mwezi iko na kipimo chake, mama. Inakuja, inakaa siku chache, inaenda. Ikipita juma, ikilowanisha kitambaa kila saa, ikitoka katikati ya mwezi ao kisha kulala na bwana, mwanamke aje tumwone. Lakini aliyemaliza mwaka mzima bila kuiona, hata tone moja si hedhi tena. Mara nyingi ni kitu kidogo. Mara ingine hapana."

Akatoa kipande ndani ya kizazi, kikaenda kupimwa Lubumbashi. Wiki tatu tulingoja. Niliogopa sana, kila nilichokula kilikuwa kichungu. Jibu likarudi: ni kansa, lakini imeanza tu, haijatoka nje ya kizazi. Wakanipasua, wakakitoa chote. Nathalie alitandika mkeka chini ya kitanda changu, akanipikia uji, akagombana na kila muuguzi aliyechelewa.

"Umekuja mapema," munganga akaniambia siku ya kutoka. "Nani alikuleta?"

Nikamwonyesha Nathalie kwa kidole, machozi yakanizidi.

Miezi miwili baadaye nikarudi sokoni. Adhuhuri ikafika, nami nikainama chini ya meza kutafuta kiatu kimoja. Kilichelewa kuonekana. Nilipoinua kichwa, Nathalie alikuwa amesimama na samaki mkononi, mnunuzi anangoja.

"Mama Aisha? Hauende?"

"Natafuta kiatu, ndugu yangu. Kiatu tu!"

Akageuka, akajifuta uso kwa kitenge. Nikatoka mbio na kiatu kimoja.

Tangu siku ile, hata magoti yakiniuma namna gani, saa sita ikifika nasimama mara moja, ili Nathalie asiogope.