Nafasi ya Mpangaji wa Ziwani

Sisi wa Ukambani tulikuwa tumecheza mabawabu wa televisheni hadi mageti yakatuzoea. Kwa hiyo mwaka ule wa uchaguzi, mwongozaji wa tamthilia mpya aliposema, ofisini kwake Upper Hill, kwamba anataka Kenya yote ndani ya ploti moja ya vyumba vya kupanga, niliuliza kwanza bawabu ni nani. Akasema hakuna bawabu. Nikahesabu majina ya wapangaji aliyoyabandika ukutani, nikarudia kuhesabu. Kila kabila na chumba chake, kama baraza la mawaziri.

Mimi nilikuwa muuza makoti ya mitumba mjini na mwigizaji wa Jumamosi. Siku hiyo nilikuwa nimemsindikiza tu jirani yangu wa mtaa wa Satellite, mtu wa kabila la ziwani, aliyekuja kujaribiwa kwa nafasi ya mpangaji kutoka ziwani. Alizaliwa Nairobi; Kiswahili chake kimenyooka kama cha redio.

"Kaka, husikiki kama wa huko," mwongozaji akamwambia.

"Na mimi ndiye wa huko, madam."

"Mtazamaji hataamini."

Kisha akaniona mimi mlangoni, akaniambia nijaribu. Nikamwigiza jirani yangu anavyokuwa akikasirika: kifua mbele, sauti kutoka tumboni, maneno yakiburutwa kama gunia. Mwongozaji alicheka hadi akavua miwani. Nafasi ikawa yangu. Tukishuka ngazi jirani akasema, "Bora umenifanya mnene kidogo."

Watu waliipenda tamthilia. Wateja walikataa kununua koti kabla sijasema yale maneno ninayomfokea landilodi: "Mimi siyo kuku wa kufungiwa nyumba!" Nikajifunza kupandisha bei kwanza, ndipo nifoke.

Halafu matokeo ya uchaguzi yakatangazwa, na Satellite ikaanza kunuka matairi yaliyochomwa. Asubuhi moja tulikuta mlango wa jirani umechorwa msalaba kwa mkaa. Wangu haukuchorwa. Kanisa moja Uthiru lilikuwa linapokea waliofukuzwa, basi tukaondoka kwa miguu, na kitambulisho chake, chenye jina la ziwani, nimekificha ndani ya soksi yangu. Niliinama kukigusa. Nikainama tena, hadi akaninong'oneza, "Wacha hiyo soksi, utatuuza."

Karibu tufike, vijana walikuwa wameziba barabara kwa mawe. Mmoja alikuwa na panga, analikwaruza kwenye lami polepole. Sikuuogopea uso wangu, nilimwogopea jirani. Lakini hawakumtazama yeye.

"Si huyu ni ule wa TV? Ule wa ziwani!"

"Ni yeye! Kumbe kuku ametoka nyumba!"

Walicheka. Hiyo ndiyo iliyonitia baridi, kwamba walikuwa wananipenda. Wakataka kipande, yaani kitambulisho; nikatoa changu. Mwenye panga akasoma jina, akanitazama, akasoma tena. Nilimheshimu kwa hilo. Hata mimi ningesoma mara mbili.

"Aah, wewe ni Mkamba! Umetuweza, mzee. Na huyu?"

"Mwigizaji mwenzangu. Kipande chake kiliachwa nyumbani tulipotoka mbio. Aliitafuta hii nafasi yangu, wakamnyima."

Hilo la nafasi halikuwa uongo hata kidogo.

"Aigize tuone."

Jirani yangu alisogea mbele. Jasho lilikuwa limemfika kidevuni. Kisha, kwa sauti yake, ile aliyozaliwa nayo, alisema, "Mimi siyo kuku wa kufungiwa nyumba."

Panga liliacha kukwaruza. Walitazamana.

"Apana," mwenye panga akasema. "Huyu hajui. Hao hawaongei hivyo. Mzee, hebu mwonyeshe."

Nikamwonyesha. Nilisimama kando yake barabarani, kifua mbele, nikaburuta maneno, na wao wakashikana mabega kwa kicheko. Mmoja alisogeza jiwe kwa mguu tupite. "Mfunze!" akatupigia kelele. "Anaaibisha kazi!"

Hatukukimbia. Tulitembea hadi kanisani. Kwenye geti la kanisa mzee mmoja wa ushirika, mpole, alimuuliza jirani yangu jina na anatoka wapi. Hapo palikuwa salama. Ndani niliona watoto wakinywa uji. Nilikuwa nimeshaitoa kadi yake ya kitambulisho kwenye soksi na kumpa mkononi.

Aliishika. Akanigeukia mimi, akingoja mimi nimtajie mzee jina lake na kwao.