Daftari la Mama Goodness

Mwaka 2011 kanisa lilitakiwa kutuma mama mmoja mjini Vwawa kwenye semina ya ushauri wa ndoa, na wazee hawakuumiza kichwa. Walimtuma Jenista, mama Goodness. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, darasa la saba alimaliza bila kurudia, na kazi yenyewe ya kushauri hakuhitaji kutumwa. Alikuwa akishauri watu tangu usichana wake, wenye shida na wasio na shida.

Alikaa siku nne. Akarudi na daftari lenye jalada gumu, na maneno mapya mdomoni. Alikuwa kama mtu aliyenunua viatu vipya mpakani Tunduma: hakai chini, anatembeatembea ili vionekane.

"Wataalamu wa saikolojia wana mikabala mitano ya kumwelewa binadamu," aliwaambia akina mama Jumatano baada ya sala. "Wako wanaosema mtu hurudia kile anachopewa tuzo, na huacha kinachomuumiza. Wengine wanasema ndani ya mtu kuna chumba cha giza, mambo ya utotoni yamefungiwa humo, na mwenyewe hana ufunguo. Wa tatu wanasema mtu ni kama mche wa kahawa. Mkubali alivyo, mpe jua na kivuli, atazaa. Wa nne wanasema kinachotutesa ni namna tunavyoliwaza jambo kuliko jambo lenyewe. Na wa tano wanasema yote hayo ni ubongo na damu."

"Na Bwana Yesu yuko kwenye upi?" akauliza Enesi, mama Tabita, jirani yake.

"Yuko yote," Jenista akajibu upesi, maana hilo semina haikuligusa.

Basi akaanza kuwapima watu. Mama aliyechelewa kwaya alikuwa na chumba cha giza. Mzee aliyesinzia kwenye mahubiri alikuwa na damu. Lakini mtu mmoja alikuwa hajamgusa, na huyo alilala naye nyumba moja.

Yonathani, mumewe, alikuwa hajakanyaga ndani ya kanisa miaka sita. Si mlevi, si mgomvi. Sadaka yake aliileta binti yao, Goodness, na chakula hakula bila kukiombea. Ila kila Jumapili, rimu ya lori tunayoigonga kama kengele ikilia tu, yeye huchukua reki akaenda kugeuza kahawa kwenye vichanja vya kuanikia, hata kama ameigeuza muda si mrefu. Jenista alipomuuliza sababu, alijibiwa, "Kahawa itavunda." Naye akaridhika, maana kahawa kweli huvunda.

Sasa Goodness alikuwa anaolewa baada ya wiki tatu, naye alishasema neno lake. "Mama, mimi siingizwi kanisani na mjomba. Baba asipoingia, nami siingii. Bwana harusi atanisubiri mpaka achoke."

Jenista akafungua daftari.

Alianza na tuzo. Siku alipomkuta Yonathani amesimama kwenye njia ya kanisani anaongea na mtu, jioni akampikia wali kwa kuku. Yonathani akala, akatafakari. Kesho yake saa kumi alionekana langoni mwa kanisa. Akasimama, akakohoa ili asikike, akarudi nyumbani kunawa mikono. Kesho kutwa vilevile. Mlango wenyewe hakuukaribia, ila langoni hakukosa. Kuku wa tano alipokamatwa, Goodness akashika kiuno.

"Mama, kwani hapa nani anamfundisha nani?"

Akahamia utotoni. Wakiwa wanachambua kahawa, akamuuliza habari za marehemu baba yake. Yonathani, ambaye kwa kawaida maneno yake ya siku nzima yangeenea kiganjani, akaongea mpaka kahawa ikaisha. Mwisho akashusha pumzi. "Kumbe nimeumizwa sana tangu mdogo. Acha nipumzike." Akapumzika siku mbili, na shambani hakwenda.

"Baba Goodness," Jenista akasema siku ya tatu, sauti amelainisha kama walivyofundishwa, "mimi nakukubali jinsi ulivyo, bila masharti."

"Ahsante, mke wangu. Basi tumemaliza."

Alimpa karatasi aandike mawazo yake, akaandika, "Nawaza mbolea." Alimpeleka zahanati apimwe damu, mganga akaagiza na choo pia, wakaona minyoo. Akapewa dawa, hamu ya kula ikaongezeka, na kuku bandani walishapungua.

Zilibaki siku kumi. Jenista akaenda kwa Enesi, akamkuta anapukuchua mahindi. Akakaa naye akashika gunzi, machozi yakaanza.

"Nimemaliza mikabala yote, Mama Tabita. Mtu huyu hana ugonjwa hata mmoja ulioandikwa."

Enesi akamtazama. "Dada, si ule mnada?"

"Mnada gani?"

"Wa mavuno. Kanisa zima tunajua."

Kwetu, sikukuu ya mavuno, watu huleta mbele mahindi, ndizi na kuku, na baada ya ibada vinanadiwa. Kitu chako rafiki zako hukipandisha, wakikinunua hukirudisha kinadiwe tena, na wewe uliyekileta unakaa kichwa juu. Miaka sita nyuma Yonathani alileta jogoo mweupe aliyemlea mwenyewe tangu kifaranga. Mnadi akamwinua, jogoo akaning'inia kimya. Mtu wa nyuma akauliza, "Huyo anawika kweli?" Na Jenista, kutoka kwenye benchi la kwaya, akajibu, "Awike wapi! Ametoka kwangu, kule hata mwenye nyumba hawiki!"

Kanisa lilianguka kicheko. Mchungaji wa wakati ule alivua miwani akafuta macho.

"Lakini ulikuwa utani!" Jenista akasema.

"Tena mzuri. Mpaka leo tunausimulia."

"Miaka sita! Mbona hamkuniambia?"

"Hukuuliza. Wewe ulikuwa unatuambia."

Alimkuta Yonathani kwenye vichanja. Akapiga magoti palepale kwenye maganda ya kahawa. "Baba Goodness, nisamehe lile neno la jogoo."

Reki ikasimama. "Nilikusamehe siku ileile."

"Sasa mbona huingii?"

"Nikifika mlangoni, naona vichwa vinageuka na midomo imebanwa isicheke. Wewe unaniomba msamaha hapa, kahawa ndiyo inasikia. Neno likimwagwa mbele za watu, huzolewa mbele za watu. Wazee wetu walilijua hilo bila kwenda Vwawa."

Jumapili, baada ya matangazo, Jenista alisimama. Watu wakajiweka sawa, wakidhani ni mkabala wa sita. Alikuwa ameandaa maneno mazuri, lakini karatasi akaikunja bila kuisoma.

"Miaka sita iliyopita," alisema, "nilimwaibisha mume wangu katika nyumba hii ya Bwana, mkacheka. Nami nilicheka, nikasahau. Yeye hakusahau. Nimewashauri wengi hapa kuhusu waume zenu, na wangu nilimfungia mlango kwa mdomo wangu. Nasema mbele ya Mungu na mbele yenu..."

Hakuna aliyecheka. Ule ukimya ulimshinda kuliko kicheko. Akaendelea kusimama, akarudia aliyoyasema, akaanza kulia kwa sauti, akarudia tena, maana Jenista kunyamaza hakuwahi kujifunza. Mchungaji akawa hajui afanye nini.

Ndipo sauti nzito ikaingia dirishani, kutoka nje.

"Imetosha, mama. Kaa chini."

Vichwa vyote vikageuka. Yonathani alikuwa amesimama ukutani, mikono nyuma, bila reki. Na Jenista, mbele ya macho ya ushirika mzima, akakaa. Enesi alisema baadaye kwamba makofi yaliyopigwa siku ile hata siku ya kuwekwa jiwe la msingi hayakupigwa.

Jumamosi ya harusi Jenista alikaa benchi la mbele na kitambaa chake. Kwaya ikaanza, mlango ukafunguliwa mbawa mbili, na Yonathani akaingia amemshika Goodness mkono. Alitembea polepole, akitazama kulia na kushoto, kama mtu anayekagua shamba aliloliacha kwa muda. Kola ya shati ilikuwa imepinda upande mmoja. Jenista aliiona tangu mlangoni. Mkono ukainuka kumwashiria, mdomo ukafunguka.

Akaufunga, akaiacha kola ilivyo.