Loyce na Nzi wa Manyoya

Pale Manyoni, ukitaka kumchekesha Loyce fundi cherehani, mwambie kwamba ana sauti ndogo. Atacheka mpaka pini zimdondoke mdomoni. Mwanamke yule akimwita mteja ng'ambo ya reli, hata wasiohusika huitika. Lakini mbele ya baba mkwe wake, Mzee Nathan, sauti hiyo ilikunjwa vizuri ikawekwa kabatini.

Ndivyo nyumba ile ilivyokuwa. Mkwe hakai mkeka mmoja na baba mkwe, hapokei kitu mkononi mwake, na kumgusa ndiyo kabisa usiseme. Shikamoo ya Loyce ilitolewa kwa kupiga goti, hatua tano mbali, macho chini. Chai ya mzee iliwekwa kwenye kigoda, Loyce akakohoa, akaondoka, ndipo mzee akasogea kuichukua. Miaka tisa waliishi hivyo na hakuna aliyeona ajabu.

Shida ilianza mke wa mzee alipofariki. Mzee Nathan, mstaafu wa reli, akawa mtu wa kukaa barazani kutazama treni na kurudisha chakula nusu sahani. Mwanawe Urbano, mume wa Loyce, alikuwa dereva wa lori la alizeti, nyumbani anapita kama mgeni. Basi kazi ya kumchangamsha mzee ikamwangukia Loyce. Jamani, utamchangamshaje mtu usiyeruhusiwa kumtazama usoni?

Dawa ilitoka kwenye robota la mitumba. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mitumba imemwagika sokoni baada ya ile miaka ya kupanga foleni kwa kipande cha kaniki. Loyce akaokota kizibao cha kaki chenye mifuko isiyo na idadi, na kifuani kimeshonewa kipande cha ngozi ya kondoo kilichochomekwa vishada vidogo vya manyoya: vyekundu, vya kahawia, vya rangi ya asali. Akajua ni mapambo. Akakifua taratibu, akakipiga pasi pembeni pembeni asiviharibu, akakiweka kwenye kigoda, akakohoa.

Mzee akakivaa Jumapili kanisani. Ibada ilipokwisha, Mama Raheli wa kwaya akapita karibu kumsalimia, kitenge chake kikanasa kifuani kwa mzee. Akavuta, kikazidi kunasa.

"Mzee Nathan, niachie, watu wanatazama!"

"Mama, mikono yangu hii hapa juu! Nimekushika na nini?"

Loyce alikuwa na mkasi kwenye mkoba wake, lakini atamsogeleaje baba mkwe? Akauweka kwenye benchi, akarudi nyuma, akakohoa. Kanisa zima likaangua kicheko, mchungaji akajifanya anatafuta kitu kwenye Biblia.

Jioni ile, Loyce akiwa kwenye cherehani yake chini ya dirisha, akasikia sauti kutoka barazani. "Mkwe wangu. Haya si mapambo. Kila kishada kina ndoana ndani." Halafu, jambo ambalo Loyce hakuwa amelisikia tangu msiba, mzee akacheka. Akacheka peke yake mpaka akakohoa kweli. Akaeleza kwamba alipokuwa kijana kazini, palikuwa na injinia mmoja Mzungu aliyekwenda kwenye bwawa la reli, lile lililochimbwa kunywesha injini za moshi, akawa anachapa hewa kwa fimbo ndefu. "Tulisema ana kichaa. Kumbe alikuwa anamrusha nzi wa bandia! Samaki anadhani ni mdudu, anadaka."

Wakaenda kujaribu kwa vijiti na uzi wa cherehani, na katika wiki mbili miti ya bwawani ikawa imewala nzi wote isipokuwa mmoja. Hapo ndipo Loyce alipoonyesha ufundi. Akamfumua yule wa mwisho polepole, kama anavyofumua koti la mtu ili apate kipimo chake, kila uzi akiuangalia ulikopita. Manyoya akachukua shingoni mwa jogoo wao mwekundu, na majogoo wa Singida kwa manyoya nani asiyewajua? Mwili akauzungushia uzi wa kudarizi, kiunoni akaweka karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara. Mzee akiwa upande wake wa dirisha alibana ndoana kwenye jiliwa lake la zamani la kubania vyuma, akasokota mshipi wa pamba na kuupaka nta ya nyuki upate uzito wa kuruka, na fimbo mbili akazichonga za mwanzi. Kazi ikavuka dirisha juu ya kigoda, kikohozi kwa kikohozi.

"Huyu mkia umezidi, mkwe wangu. Nzi gani ana mkia wa beberu?"

"Ni nzi wa Kigogo huyo, baba. Ana mali."

Siku hizo sahani za mzee zilirudi tupu. Loyce mwenyewe alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameipata tangu utotoni, akiamka anawaza manyoya, akishona sare za shule anawaza maji. Jumamosi asubuhi walikwenda bwawani, mzee mbele, yeye hatua ishirini nyuma. Na kwa kuwa hawawezi kusimama ukingo mmoja, mzee alivua upande huu, Loyce upande ule.

Sasa niambie, mtu aliye ng'ambo ya maji utamnong'oneza?

"Baba! Umerusha mapema!"

"Nimesikia!"

"Nzi wako yuko juu ya mgunga!"

"Si ninamwona!"

Wachungaji waliokuja kunywesha ng'ombe walisimama midomo wazi. Maneno yakapanda mpaka Kilimatinde, kwa Damari, binti mkubwa wa mzee: mkwe wenu anamfokea baba yenu bwawani kama mtoto. Masikini Loyce! Heshima ileile iliyomweka mbali ndiyo iliyomfanya aonekane hana adabu.

Damari alishuka Ijumaa, hata chai hakunywa. "Wifi, nimesikia yote. Kesho kwa basi la mchana namchukua baba, akaishi kwangu."

"Wifi, ninapaza sauti kwa sababu nakaa mbali. Ningekaa karibu mngesema nini?"

"Sikuja kubishana."

Loyce akaenda kukaa kwenye cherehani, akalia huku anashona, mshono ukapinda vibaya. Hakuwa analilia samaki. Alimpenda mzee yule. Baba yake mwenyewe alikufa hajamjua, na sasa aliyempata anafungashiwa nguo chumba cha pili. Kutoka barazani mzee akasema kwa sauti ya chini, "Damari akiamua ameamua, ni mama yake mtupu. Lakini basi ni la mchana. Asubuhi ni yetu."

Damari naye akafuatana nao ili aone kwa macho yake. Akakaa juu ya jiwe, furushi la nguo za baba yake mapajani, uso umefungwa. Siku hiyo Loyce hakufungua mdomo. Aliona mshipi wa mzee umelegea, akameza. Aliona nzi anatua vibaya, akameza tena.

Mara maji yakapasuka. Fimbo ya mzee ikajipinda mpaka ncha ikagusa bwawa. "Yupo! Mkwe wangu, yupo!" Akarudi nyuma hatua moja, goti lake bovu likamsaliti, akateleza kwenye tope akaingia majini mpaka kiunoni, na fimbo haachi. Samaki akamvuta tena, maji yakafika kifuani.

"Baba, achia!" Damari akapiga kelele, anarukaruka ukingoni, maji yenyewe anayaogopa.

"Siachii!"

Loyce alishatupa fimbo yake. Kwa nusu dakika alisimama. Kumshika baba mkwe, tena mbele ya wifi aliyekuja kumhukumu! Lakini miguu haikungoja ruhusa. Akapita pale maji yalipo haba, gauni limepanda magotini, akamkumbatia mzee kiunoni kwa mkono mmoja na kwa mwingine akaishika fimbo juu ya mikono yake.

"Vuta, baba! Usilegeze! Nimesema usilegeze!" Sauti imetoka kabatini yote.

"Silegezi!"

Wakavutana na yule mnyama, wakaanguka, wakainuka, mpaka wakatoka wote watatu, kambare wa urefu wa mkono akijipiga kwenye nyasi na nzi wa Loyce ametundikwa mdomoni. Hapo ndipo Loyce alipojiona. Akaachia haraka, akapiga goti kwenye tope, macho chini. "Nisamehe, baba. Nimekugusa."

Mzee alikuwa anahema, maji yanamtiririka ndevuni. "Damari," akasema, "huyu mwanamke ni nani?"

"Ni mke wa Urbano, baba."

"Hapana. Mke wa Urbano angeniacha nizame kwa heshima zote. Huyu ni mwanangu. Mimi sitoki kwa mwanangu."

Damari alimtazama baba yake, alivyoloa, alivyojaa tope, anavyong'aa. Tangu mama yao azikwe hakuwa amemwona na uso ule. Akapangusa macho kwa ncha ya khanga. Kisha akalifungua furushi, akatoa shati kavu, akamkabidhi Loyce.

"Mpe baba yetu abadilishe, wifi, asije akaugua," akasema. "Na mfanye haraka mje mnisaidie, huyu samaki wenu anarudi majini!"