Dada yangu alivyokimbia mu mwili wa nyani, hapa Kibua

Wakuu, amani kwenu. Hii siyo hadithi ya kuambiwa, niliiona na macho yangu.

Nafanya kazi mu duka ya Papa Kambale, mucuruzi wa Butembo aliyefungua hapa Kibua. Alileta casque, ile ya kuvaa machoni unaingia ndani ya game. Connexion iko ya satellite, moto wa panneau ya jua.

Game yenyewe: kila muntu iko nyani. Unasukuma chini na mikono, unapanda miti, unaruka. Mumoja anafukuza wengine, na anayeguswa naye anaanza kufukuza. Akikugusa, umeisha.

Dada yangu Neema alikuwa anatoka Bihambwe kunitembelea. Kule alikuwa mushambuliaji wa timu ya wasichana, mpaka camion ya mizigo ilimupindukia. Walimukata muguu. Tangu hapo, pahali panachezwa mupira hapiti.

Siku hiyo alisimama na mikongojo, anaangalia picha ku télé.

"Hizi nyani, miguu yao iko wapi?"

"Hazina. Zote."

Kisha akaniambia: "Nipe kiti."

Mwanzo aligonga ukuta na ngumi, vijana wakacheka. Lakini wakuu, muntu anayetembelea mikongojo miaka yote, mabega yake siyo ya mchezo! Wiki ile yote alikuwa dukani anajifunza.

Jumamosi kukawa mashindano. Casque ni moja, kwa hiyo kila muntu na zamu yake. Anayekawia kuguswa njo anashinda. Champion wetu Patrick alicheza vizuri sana.

Neema akaingia. Wageni wa inchi zingine, wanaocheza kwa connexion, wanamufukuza, yeye anatoka ku tawi hii, anajitupa ku ile. Duka yote wakasogea ku télé.

Akamupita Patrick ku dakika.

"Hapana!" Patrick akapiga kelele. "Connexion ilikuwa muzuri kwake tu. Turudilie!"

Mie nilikasirika. Neema akasema tu: "Turudilie."

Akamupita tena, na mbali. Patrick mwenyewe akamupigia makofi.

Mama akapiga simu kuuliza habari. Neema alikuwa angali anahema, jasho mu macho.

"Mama, leo nilikimbia."

Tulisikia Mama analia, kisha akasema: "Nielezee yote, mwanangu. Polepole."

Nilichojifunza: usimuchagulie muntu mahali atachezea. Mie nilikuwa nataka kumufichia ile casque, nikiogopa itamukumbusha muguu.

Sasa mabega yanamuuma. Wenye kujua mazoezi, ao waliopitia kitu kama hiki, karibuni tuongee.